Kipanya Kisicho na Mkia

Vyombo vingi tuvitumiavyo kila siku vina historia ndefu kuliko umri wetu, wala hatuiulizi mpaka siku chombo kinapotuudhi. Mimi nilianza kuuliza historia ya kibodi na kipanya siku moja ya mwezi wa Juni, katika duka la ndugu yangu huko Mishomoroni. Ni duka dogo la kompyuta, la namna ambayo sisi wenyeji huiita saiba. Mishomoroni, kwa msomaji asiyeijua, ni mtaa wa Kisauni, katika bara ya kaskazini ya Mombasa, na aendaye kisiwani hana budi kuvuka daraja la Nyali. Mwezi wa Juni ni mwezi wa shughuli nyingi katika saiba zote za Kenya, kwa sababu tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka hesabu za kodi ya mwaka uliotangulia. Na katika foleni hiyo hiyo husimama pia wanafunzi waombao mikopo ya masomo.

Ndugu yangu alikuwa amenunua kisiwani, kwa bei isiyofika shilingi 2,000, seti ya kibodi na kipanya visivyo na waya. Alifurahi sana. Meza ilikuwa safi, na nyaya zilizokuwa zikijipinda kama mizizi ya mkoko zilikuwa zimeondoka. Akaja binti mmoja pamoja na baba yake, mtu mzima wa makamo, kuandika maombi ya mkopo. Binti alipokwisha kuandika nambari ya hesabu yake ya benki, mzee alivaa miwani, akaisoma tarakimu moja moja kwa sauti, kisha akasema, “Mwanangu, hiyo si nambari yako. Saba zimekuwa tatu, na kwenye karatasi iko moja.” Binti aliapa kwamba alibonyeza mara moja tu. Nasi sote tulidhani anajitetea.

Kumbe alisema kweli. Lakini ili kueleza jinsi kitufe kilichobonyezwa mara moja kiwezavyo kuandika mara tatu, yafaa nianze mbali kidogo.

Mpangilio wa herufi katika kibodi zetu haukufanywa kwa ajili ya kompyuta, wala kwa ajili ya Kiswahili. Ulitokana na taipureta. Mwaka wa 1868 Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, pamoja na wenzake wawili, alipata hataza ya mashine ya kuandikia. Na mwaka wa 1874 kampuni ya Remington, iliyokuwa maarufu kwa bunduki, ilianza kuiuza. Mashine hiyo ya kwanza iliandika herufi kubwa tu. Herufi ndogo ziliongezwa katika mashine ya mwaka wa 1878. Kwa nini herufi za mstari wa juu zilipangwa kuanzia Q, W, E, R, T na Y? Husimuliwa kwamba Sholes alitaka kuzitenga zile fimbo za herufi zilizokuwa zikigongana na kukwama. Wengine husema kwamba wapokeaji wa simu za maandishi ndio waliomshauri. Wanahistoria hawajaafikiana. Lililo yakini ni kwamba fimbo zilikwisha kutoweka zamani, na mpangilio ukabaki.

Sisi watu wa pwani tuliurithi mpangilio huo kwa njia ya mzunguko. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 1840 hivi, alitunga wakati ambapo Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwaka wa 1844 alifika Mombasa mmisionari Johann Ludwig Krapf, naye akaanza kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Na tangu mwaka wa 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikasawazisha tahajia. Kwa hiyo taipureta ilipotufikia, herufi zake zilitufaa. Zilitufaa, ila hazikupangwa kwa ajili yetu. Tazama kibodi yo yote iliyotumika sana mahali paandikwapo Kiswahili: Q na X zingali ziking'aa kama siku zilipotoka kiwandani, maana hatuna haja nazo, na A, ambayo hatuwezi kuandika sentensi pasipo kuirudia mara nyingi, imewekwa chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Katika seti ile ya ndugu yangu rangi ilikuwa hafifu, na baada ya miezi minne herufi A ilikuwa imefutika kabisa.

Kipanya ni mtoto wa juzi akilinganishwa na kibodi. Mwaka wa 1964, katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford huko California, Douglas Engelbart alibuni chombo cha kusogeza alama katika kioo cha kompyuta, na mwenzake Bill English akakiunda. Kilikuwa kijisanduku cha mti chenye magurudumu mawili chini na kitufe kimoja juu. Waya wake ulining'inia mfano wa mkia, na kwa sababu hiyo kikaitwa panya. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Engelbart alikionyesha mbele ya mkutano wa mafundi wa kompyuta. Hataza yake ilipotolewa mwaka wa 1970, haki zilikuwa za taasisi, na utajiri mkubwa uliotokana na kipanya haukumfikia yeye.

Mkia huo haukukaa sana kabla ya watu kutaka kuukata. Mwaka wa 1984 kampuni ya IBM iliuza kompyuta ya nyumbani iitwayo PCjr, ambayo kibodi yake ilipeleka habari kwa mwanga usioonekana, kama ule wa rimoti ya televisheni. Wanunuzi hawakuipenda: vitufe vyake vilikuwa vidogo na vigumu kutumia, na mtu akipita kati ya kibodi na kompyuta, mwanga ulizibwa. Dawa ilikuwa kuacha mwanga na kutumia mawimbi ya redio, ambayo hayazuiliwi na mwili wa mtu kwa urahisi hivyo. Na mwaka wa 1991 kampuni ya Logitech ya Uswisi ilitoa kipanya cha namna hiyo. Mwanzoni kilikuwa kitu cha wenye fedha. Seti za leo hutumia mawimbi yatetemayo mara bilioni 2.4 na zaidi kwa sekunde, sehemu ya mawimbi ambayo mtu huruhusiwa kuitumia bila leseni. Na vipande vyake vimekuwa rahisi kiasi kwamba mwenye saiba ya Mishomoroni naye huweza kuvinunua.

Sasa turudi dukani. Mahali paruhusiwapo wote hujaa upesi. Katika mawimbi yayo hayo hupita waifai ya duka, waifai za majirani, simu za wateja, na hata jiko la mikrowevu la hoteli ya jirani. Kila kitufe kibonyezwapo, kibodi hupeleka habari mbili: ya kwanza, kidole kimeshuka, ya pili, kidole kimeinuka. Katika msongamano ule habari ya kwanza ya binti yule ilifika, na ya pili ikachelewa au ikapotea. Kompyuta ikadhani kidole kingali juu ya saba, ikaendelea kuziandika. Aidha, kipokezi kilichomekwa nyuma ya kompyuta, karibu na diski ya nje iliyotumia tundu la USB la aina ya 3.0, nayo kampuni ya Intel ilieleza mwaka wa 2012 kwamba matundu na nyaya za aina hiyo hutoa kelele katika mawimbi hayo hayo. Mzee asingesoma kwa sauti, fedha za masomo zingetumwa mahali pasipo na mwenyewe.

Betri zilikuwa na udhia wake. Waya wa zamani ulikuwa ukileta umeme bila kushukuriwa na mtu; ulipokatwa, kazi hiyo ikawa ya mwenye duka. Betri za bei ya chini huvuja, na hewa yetu yenye unyevu na chumvi huzila haraka zile chuma ndogo zinazozishika. Ikawa kipanya kinazimika katikati ya kazi, na mtoto anatumwa mbio kununua betri huku foleni ikinung'unika.

Lakini jambo lililonifikirisha kuliko yote sikuliona dukani, nililisoma. Mwaka wa 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walitangaza kwamba kibodi za bei nafuu za watengenezaji wanane zilikuwa zikipeleka maandishi hewani bila kuyafumba. Mtu mwenye kifaa cha bei ndogo, akiwa hata mita 75 mbali, aliweza kusoma kila herufi: maneno ya siri, nambari za benki, barua. Waya ulikuwa pia ukitunza siri, nasi hatukuwa tumeihesabu kazi hiyo. Kibodi nyingine hufumba maandishi vizuri, na sanduku lake huweza kusema hivyo. Sanduku la seti yetu halikusema lo lote. Katika nyumba ya mtu labda hilo si neno. Katika saiba, ambamo watu wa mtaa mzima huandika siri zao juu ya meza moja, mimi naliona ni kosa kubwa.

Ndugu yangu alirudisha kibodi za waya katika meza zote za wateja. Ile seti hakuitupa, wala haikustahili kutupwa. Niliichukua shuleni, ambako mwalimu hukaa nyuma ya darasa akaendesha picha zinazoonyeshwa ukutani, na huko inafanya kazi njema ambayo kibodi ya waya isingeiweza. Ilisumbua siku za mwanzo, mpaka fundi mmoja aliponishauri nikitoe kipokezi nyuma ya kompyuta na kukisogeza mezani, mahali pa wazi. Nilifanya hivyo kwa kununua waya wa nusu mita.