Rejista zisizo na majina: GDB na waya mwembamba

Ukichungulia waya unaounganisha kompyuta ya mhandisi na kifaa anachokichunguza, unaweza kukuta herufi tano zikipita: $g#67. Ni ombi fupi: leta rejista zote. Rejista ni vihifadhi vidogo ndani ya prosesa, vinavyobeba namba inazozifanyia kazi wakati huohuo. Programu ikikwama, humo ndimo ushahidi ulimo.

GDB, programu ya kusaka hitilafu, iliandikwa na Richard Stallman mwaka 1986 katika mradi wake wa GNU. Kazi huwa nyepesi msakaji na mtuhumiwa wanapokaa kwenye kompyuta moja. Lakini vifaa vingi havina kibodi wala kioo. Vina waya wa siriali tu. Kwa hiyo kazi ikagawanywa: GDB ibaki mezani kwa mhandisi, na ndani ya kifaa iwekwe programu ndogo ya kujibu maswali yake.

Mojawapo ya programu hizo ilitoka Hewlett-Packard, tawi la vifaa vya kupimia la Lake Stevens, Marekani, ikatolewa bure kwa umma. Kichwa cha faili kina tarehe ya 9 Machi 1991, na kinasema kazi hiyo bado ni ya majaribio. Iliandikwa kwa prosesa ya Motorola 68000. Kampuni ya Cygnus, iliyokuwa ikiuza huduma za programu huria, ikaifanyia marekebisho ifae Intel 386.

Itifaki inayotumiwa na pande hizo mbili ni ya kubana matumizi. Dola hufungua ujumbe, alama ya reli huufunga, na tarakimu mbili za mwisho ni jumla ya kuhakiki kwamba hakuna kilichoharibika njiani. Aliyepokea salama hujibu +. Aliyepokea uchafu hujibu -, na ujumbe hurudiwa. Intel 386 hurudisha rejista 16 za baiti nne nne, kila baiti ikiandikwa kwa tarakimu mbili za heksadesimali: herufi 128. Kwenye waya wa biti 9,600 kwa sekunde, jibu hilo huchukua takriban sehemu ya saba ya sekunde. Sifuri zikifuatana hufupishwa: 0, nyota na nafasi tupu husimama badala ya sifuri nne.

Kisichopita kwenye waya ni majina. Hakuna panapoandikwa kwamba namba hii ni ya rejista eax na ile ni ya rejista eip. Pande zote mbili zinatakiwa kujua mpangilio tangu mwanzo. Hata mfuatano wa baiti ni wa prosesa yenyewe: 12345678 ya heksadesimali ikitoka kwa Intel hufika 78563412, ilhali Motorola huituma kama ilivyo.

Bili ya ukimya huo ililipwa na ARM, familia nyingine ya prosesa. Mpangilio wake wa zamani uliziweka katikati rejista za FPA, kikokotozi cha desimali ambacho baadaye kiliachwa. Prosesa mpya hazikuwa nacho, lakini nafasi zake hazikuweza kuondolewa bila kuvuruga kinachofuata. Hivyo kati ya herufi 336 za jibu, 200 zilikuwa za kujaziliza tu, kama jiwe linaloshika nafasi ya mtu kwenye foleni ya maji ilhali mwenyewe alishahama mtaa. OpenOCD, programu ya kuunganisha GDB na vifaa iliyoanza mwaka 2005 kama kazi ya kuhitimu chuo mjini Augsburg, Ujerumani, ilibidi iunde rejista bandia kwa ajili hiyo.

Tiba ilikuja miaka ya 2000: kifaa chenyewe kikaruhusiwa kutuma maelezo ya XML yanayotaja kila rejista, jina lake, ukubwa wake na namba yake. Leo QEMU, kiigizaji cha kompyuta, na LLDB, msakaji mwingine wa hitilafu, huzungumza itifaki hiyohiyo, na prosesa za RISC-V hujitambulisha kwa maelezo ya aina hiyo. Herufi g haikuguswa. Kilichoongezwa ni orodha ya majina, ambayo kama ingeandikwa tangu 1991 ingeokoa sifuri nyingi.