Goroli moja mbele ya madiwani

Kipindi cha asubuhi kimeyeyuka, basi niwape stori ya pinboli, ile meza ya kioo: unavuta springi, goroli ya chuma inapanda, inagongagonga vizuizi, pointi zinajaa.

Jiji la New York liliipiga marufuku mwaka 1942. Meya Fiorello La Guardia aliiona ni kamari tu, polisi wakazivunja mashine kwa nyundo. Tena hakukosea sana, maana vile vibao vya kuirudisha goroli juu vilikuja 1947. Kabla ya hapo unaachia, unamwomba Mungu (wajanja waliitikisa meza!).

Mwaka 1976 madiwani wakataka ushahidi: ni ujuzi au bahati? Akaitwa kijana mwandishi, Roger Sharpe, acheze mbele yao. Wakamtilia shaka, wakamhamishia kwenye mashine ya akiba. Hebu fikiria presha! Jamaa akavuta springi, akatamka kabisa kuwa goroli itapita njia ya katikati. Ikapita. Marufuku ya miaka 34 ikaondolewa.

Baadaye Sharpe mwenyewe alikiri: pale alibahatisha.