Darubini ya Macho Mawili: Uzuri Wake Unavyosomwa

Madukani kwetu na mitandaoni zimejaa darubini za macho mawili zenye vioo vyekundu vinavyometa kama rubi. Zimeandikwa 20x50 au zaidi, na muuzaji anakuapia kwamba ukisimama ufuoni utaiona Muskati. Mnunuzi naye huchagua kwa jicho: inayong'aa zaidi ndiyo anayoondoka nayo. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Makala hii nimemwandikia nahodha, kijana anayetembeza wageni msituni, na yeyote aliyeachiwa darubini ya babu kabatini. Hoja yangu ni moja. Umbo la darubini njema halikuchorwa kuwa pambo. Kila bega, kila mkunjo na kila duara lina kazi yake ya kuongoza mwanga, na anayejua kuusoma uzuri huo hauziwi kigae cha chupa kwa bei ya almasi.

Zilipoanza zilikuwa kama vito

Mwaka 1608 fundi wa miwani Hans Lipperhey aliomba hataza ya darubini huko Uholanzi. Wakuu wa nchi walimtaka atengeneze ya kutazamia kwa macho yote mawili, si moja. Kwa hiyo wazo la macho mawili lina umri sawa na darubini yenyewe. Lililochelewa ni ufundi wa kuzilinganisha bomba mbili hata jicho la kulia na la kushoto yaone kitu kimoja.

Katika karne ya 19 darubini ndogo za macho mawili zilienea Ulaya. Watu walikwenda nazo kwenye majumba ya michezo ya kuigiza na muziki. Paris ilisifika kwa kuzitengeneza, na jina la Lemaire bado linaonekana kwenye nyingi zilizosalia. Zilivishwa gamba la chaza, zikapakwa rangi ya dhahabu, zikatiwa mkono wa kushikia. Umbo lake ni kama vikombe viwili vya kahawa vilivyofungwa pamoja.

Uzuri wa namna hiyo ni uzuri wa kito. Ndani mna lenzi mbinuko mbele na lenzi mbonyeo karibu na jicho, au tuseme kwa lugha nyepesi: kioo kilichovimba mbele na kilichobonyea nyuma. Hukuza mara 2 hadi 4 tu. Ukitaka zikuze zaidi, eneo unaloliona husinyaa ukawa kama unachungulia tundu la ufunguo. Anayezikusanya leo azipende kwa kazi ya mkono iliyomo, asizitegemee baharini.

Mabega yalitoka wapi

Darubini inayokuza sana na kuonyesha eneo pana huhitaji vioo vilivyovimba pande zote mbili, lakini vioo hivyo hupindua picha, miguu juu kichwa chini. Mwitaliano Ignazio Porro alipata hataza mwaka 1854 kwa njia ya kuigeuza picha hiyo kwa prizimu, yaani vipande vya kioo vya pembetatu vinavyorudisha mwanga kama kioo cha kujitazamia. Njia ilikuwa sahihi, ila kioo cha kutosha ubora hakikuwa kimepatikana.

Kilipatikana Jena, Ujerumani. Hapo Otto Schott alitengeneza kioo kipya, Ernst Abbe akapiga hesabu, na mwaka 1894 kampuni ya Carl Zeiss ikaanza kuuza darubini za prizimu. Mwanga unaingia mbele, unageuzwa mara nne ndani, kisha unafika jichoni. Safari ndefu imekunjwa, kama kanga inavyokunjwa ikaingia kwenye kasha dogo. Ndiyo maana darubini ikawa fupi bila kupoteza nguvu.

Mkunjo huo ndio uliozaa mabega tunayoyajua. Lenzi za mbele zimekaa mbali zaidi ya macho yalivyoachana, na kwa sababu hiyo unaona kina: jahazi lililo mbele linatengana vizuri na kisiwa kilicho nyuma yake. Mtu akitazama mabega yale huona umbo la fahari kama la mtu aliyepanua kifua. Kumbe ni njia ya mwanga tu, imevishwa ngozi.

Baadaye zilitokea jamaa mbili za mabega. Zile za mtindo wa Zeiss zina bomba la mbele lililofungwa kwa hesi kwenye kiwiliwili, na ukiangalia utauona mshono wake. Zile za mtindo wa Bausch & Lomb wa Marekani zimesubiwa kiwiliwili kizima kwa kipande kimoja, zikaonekana nene na tulivu zaidi. Za kwanza ni nyembamba na za madaha. Za pili huvumilia zaidi kugongwa.

Kwa upande wangu, nikiulizwa ipi nzuri kuliko zote, naitaja Deltrintem ya Zeiss, 8x30, iliyotoka mwaka 1920 na kuendelea kutengenezwa Jena kwa miongo mingi. Uzito wake ni kama nusu kilo. Inaonyesha upana wa takriban mita 150 kwa kitu kilicho mita 1,000 mbele yako. Haina pambo hata moja: rangi nyeusi, mkwaruzo wa ngozi ili isiponyoke mkononi, gurudumu katikati, na maandishi meupe yaliyochongwa. Ondoa chochote hapo na kazi itaharibika. Huo ndio uzuri ninaousema.

Ya baharini ina sababu ya kuwa nene

Darubini ya mabaharia kwa kawaida ni 7x50. Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 50 kwa 7 upate kama 7. Hicho ndicho kipenyo cha duara la mwanga linalotoka nyuma kuelekea jichoni, na mboni ya kijana gizani hufunguka kiasi hicho hicho. Kwa hiyo usiku haipotei hata chembe.

Mchana wa jua letu la pwani mboni hujifunga hadi milimita 2 au 3, na hapo 8x30 yenye duara la karibu milimita 4 inatosha kabisa. Hata hivyo baharini ile nene bado ina faida. Chombo kinapoyumba, jicho lako huhama, na duara pana halikuachi gizani. Halafu kukuza mara 7 kunavumilika. Ukipanda mara 10 na kuendelea, mtetemo wa mkono na wimbi hukuzwa pia, ukabaki unaona ukungu unaocheza.

Nyingi za baharini hazina gurudumu la katikati. Kila jicho hurekebishwa peke yake mara moja, kwa sababu vitu vya baharini viko mbali, na kadiri sehemu zinazosogea zinavyopungua ndivyo maji yanavyokosa pa kupenyea. Nyingine zina dira ndani yake, unasoma mwelekeo huku ukiangalia chombo. Uzito wa kilo moja hivi si kasoro. Husaidia mikono itulie.

Bomba zilizonyooka

Darubini nyingi za kisasa hazina mabega. Bomba zake zimenyooka kama filimbi mbili. Hazikuzuka juzi: Hensoldt wa Ujerumani alikuwa akiziuza tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Zilizoufanya umbo hilo utamaniwe ni Trinovid za Leitz, kutoka Wetzlar, katika miaka ya 1960. Zilikuwa laini, nyembamba, na sehemu zote za kurekebishia picha zimefichwa ndani. Wanaanga wa Apollo 11 walikwenda na Trinovid ya 10x40 iliyobadilishwa kuwa ya jicho moja.

Mwaka 1999 Swarovski ya Austria ilitoa EL, ambayo bomba zake zimeunganishwa juu na chini huku katikati pakiachwa wazi. Vidole vinapita katika uwazi huo na kuikumbatia bomba. Wengi wameuiga mtindo huo tangu wakati ule. Canon ya Japani nayo mwaka 1995 ilileta darubini inayotuliza picha kwa umeme wa betri. Ina umbo nene la kamera, lakini picha yake imetulia kama imetundikwa ukutani. Na mwaka 2024 Swarovski ilitoa AX Visio, iliyochorwa na Marc Newson, inayoweza kukutajia jina la ndege unayemtazama.

Sasa nije kwenye jambo linalomgusa mfuko msomaji wangu. Bomba iliyonyooka inaonekana rahisi, kumbe ndani ni kazi ngumu zaidi. Prizimu zake lazima zichongwe kwa usahihi mkubwa sana, na nyingi huhitaji tando maalumu ili picha isififie. Zeiss ilianza kutumia utando wa namna hiyo mwaka 1988 tu. Kazi hiyo ni ghali. Anayeuza bomba nyoofu kwa bei ya kutupa amepunguza mahali fulani, na mara nyingi amepunguza mahali usipopaona.

Kwa sababu hiyo, kijana wa Mida au Arabuko-Sokoke mwenye fedha kidogo asione haya kununua yenye mabega. Kwa bei ile ile ya chini, umbo la kizamani kwa kawaida humpa picha safi zaidi. Mgeni aliyekuja kumtazama bundi wa Sokoke hatauliza darubini yako inafanana na nini. Atauliza kama umemwona bundi.

Ipime kabla hujatoa fedha

Kwanza, soma namba. Za kushika mkononi zinatosha mara 7 hadi 10. Ukiona 20x, 30x au zaidi bila kitu cha kuisimamishia, jiulize mkono wako utatulia vipi.

Pili, ishike mbali na uso, ielekeze kwenye ukuta mweupe au mbingu angavu (kamwe usiielekeze juani, utapofuka). Utaona duara dogo la mwanga katika kila jicho. Likiwa la mviringo kamili na angavu hadi ukingoni, vizuri. Likiwa limekatwa kingo kama almasi yenye kivuli, prizimu zake ni hafifu.

Tatu, tazama rangi inayorudi kwenye lenzi za mbele. Utando mzuri hurudisha mwanga kidogo sana, kwa kawaida kijani au zambarau iliyokolea. Utando mwekundu unaometa unautupa nje mwanga mwekundu uliopaswa kuingia, na picha yako inabaki na rangi ya kibuluu. Wekundu ule ni wa kuuzia, si wa kuonea.

Nne, tazama mstari mnyoofu ulio mbali, kama paa au upeo wa bahari, kisha isogeze darubini taratibu mbali na macho. Mstari ukivunjika, wa kulia juu na wa kushoto chini, bomba hazijalingana. Ukiitumia hivyo kichwa kitauma ndani ya dakika chache.

Tano, fungua na ukunje bawaba. Inafaa iwe nzito kidogo na ibaki ulipoiacha.

Ya babu kabatini

Mji wa bandari huacha vitu majumbani. Nimeonyeshwa mara kadhaa darubini za wazee waliofanya kazi melini, zimefungwa ndani ya mkoba wa ngozi uliopasuka. Wachuuzi wa vitu vya kale huzipitia kwa bei ya sahani ya biriani, wakisema zimechakaa. Kabla hujakubali, soma jina na namba zilizochongwa, kisha fanya vipimo vile vya juu. Rangi iliyochunika penye bawaba hadi shaba ikachungulia si ubovu. Ni alama za vidole vya aliyeitumia. Usiisugue kwa dawa ya kung'arishia shaba, wala usiipake rangi upya. Utaufuta umri wake na thamani yake.

Adui wa kweli pwani ni chumvi na ukungu. Chumvi hula metali, na ukungu huota juu ya kioo kama utando wa buibui ukaacha alama zisizotoka. Ukungu hupenda giza, unyevu na hewa isiyosogea, yaani ule ule mkoba wa ngozi. Itoe nje, ihifadhi katika chombo kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu, na itumie mara kwa mara. Baada ya safari ya bahari, pangusa kiwiliwili kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi. Kwenye lenzi anza kwa kupeperusha mchanga kwa brashi laini, ndipo ufute kwa kitambaa safi cha pamba. Mchanga ukifutwa na kitambaa hugeuka msasa. Na kama haikutengenezwa kuzuia maji, usiitie majini wala usiifungue kwa bisibisi nyumbani. Prizimu ikisogea upana wa unywele, bomba hazitalingana tena.

Anayetaka darubini nzuri, basi, asianze na kumetameta. Aanze na duara la mwanga, na mstari usiovunjika, na bawaba inayotii. Vikitimia hivyo vitatu, umbo lolote litakalokuja pamoja navyo, la mabega au la filimbi, litakuwa zuri machoni mwake siku zote atakazoitumia.