Mbale, Mji wa Jemadari Aliyegeuka Myahudi

Kwa watu wa Kamatanda na Likasi nzima, kusini mwa Kongo, Myahudi ni mtu aliyekuja na reli. Njia ya garimoshi kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na nyuma yake wakafuata wafanyabiashara wa kisiwa cha Rhodes, waliotawanya maduka yao hadi kwenye miji ya migodi kama Jadotville, ambayo leo ndiyo Likasi. Rabi wao, Moïse Levy, alihudumu Katanga tangu 1937 hadi 1991. Hata Moïse Katumbi, gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, ni mwana wa Nissim Soriano, Myahudi wa Rhodes aliyefanya biashara ya samaki kandokando ya ziwa Mweru.

Mbale, chini ya Mlima Elgon mashariki mwa Uganda, ni habari nyingine. Hakuna meli wala reli iliyomleta Myahudi wake wa kwanza. Alikuwa jemadari Mwafrika, na mji ulikuwa wake kabla dini haijawa yake.

Semei Kakungulu alizaliwa Kooki yapata mwaka 1869, akapanda cheo katika utumishi wa Buganda, akawa Mprotestanti. Mwaka 1899 alikuwamo katika msafara uliowakamata wafalme Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda kule Lango. Kisha akaelekea Bukedi, upande wa mashariki, na jeshi lake mwenyewe, Waingereza wakiridhia. Alijenga maboma, akafungua barabara, akapanda miti kandokando yake, akaweka machifu Waganda juu ya watu ambao hawakuwaomba. Tusimpake mafuta: utawala huo uliingia kwa bunduki.

Aliamini ameahidiwa kuwa Kabaka, yaani mfalme, wa Bukedi. Badala yake, mwaka 1902 serikali ilimng'oa makao yake ya Budaka na kumpa maili 20 za mraba kuzunguka Mbale. Hapo ndipo mji ulipoota, kwa mkono wa mtu aliyenyang'anywa nchi akaachiwa shamba. Soko likajaa upesi, na wafanyabiashara Waswahili waliofuata pembe za ndovu Karamoja wakaifanya Mbale kituo chao. Mwaka 1906 Waingereza walimhitaji tena, wakampeleka Busoga kuongoza baraza la machifu. Alikaa huko hadi 1913, kisha akarudi Mbale mtu mwenye kinyongo.

Kinyongo hicho, kwa maoni yangu, ndicho mlango wa dini yake, ingawa hakitoshi kuieleza yote. Kwanza alijiunga na Wamalaki, Wakristo walioshika Sabato na kukataa dawa za kizungu, jambo lililozidi kumgombanisha na serikali. Lakini aliendelea kusoma Agano la Kale, na mwaka 1919 alijitahiri pamoja na wanawe. Wamalaki walipomwambia kwamba tohara ni mambo ya Wayahudi, inasimuliwa kwamba alijibu basi yeye ni Myahudi. Kule Gangama, nje ya mji, alikusanya wafuasi, na mwaka 1922 akawachapishia kitabu cha sala na maagizo kwa Kiganda. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Jamii aliyoiacha hujiita Abayudaya.

Kwa miaka mingi watu hao hawakuwa na sauti yoyote mjini. Idi Amin alipiga marufuku ibada yao katika miaka ya 1970. Wengine wakabadili dini, wengine wakasali kwa siri. Utawala wake ulipoanguka mwaka 1979 walibaki mia chache tu.

Kurudi kwao kwenye uongozi hakukupitia maboma. Walijenga shule ya msingi ya Hadassah na sekondari iliyopewa jina la Semei Kakungulu, na madawati wakawagawia pia watoto wa Kikristo na wa Kiislamu. Mwaka 2010 ilifunguliwa zahanati ya Tobin, na mgonjwa haulizwi anasali wapi. Halafu kuna kahawa. J. J. Keki, mmoja wa Abayudaya, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001 na kuona minara ya World Trade Center ikishambuliwa. Aliporudi alianza kupita nyumba kwa nyumba akiwashawishi majirani wauze kahawa yao pamoja, na mwaka 2004 ushirika wa Mirembe Kawomera ukazaliwa, ukiwa na Wayahudi, Waislamu na Wakristo. Bei nzuri ya kahawa, nadhani, ilihubiri kuliko hotuba yoyote.

Mwaka 2016 Gershom Sizomu, aliyepata urabi mwaka 2008 baada ya kusoma Los Angeles, alichaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Abayudaya wote, wazee kwa watoto wachanga, ni kama 2,000 na wametawanyika katika wilaya kadhaa. Kwa idadi hiyo hata diwani hapatikani kwa kura za waumini peke yao. Waliompeleka bungeni ni Waislamu na Wakristo waliosomesha watoto katika shule hizo au kutibiwa Tobin, wakampima kama wanavyompima mwanasiasa mwingine yeyote. Na walimpima kweli: mwaka 2021 kiti kilikwenda kwa mtu mwingine, naye Sizomu akaendelea na sinagogi lake kilimani Nabugoye.