Picha ya Sikukuu Ilikuwa Amana

Idi ikifika simu zetu hujaa: mikono yenye hina, watoto na nguo zao za sikukuu mosi, sinia la biriani, wifi anashuka boti kutoka Pemba na vikapu vyake. Kabla hatujazirusha, turudi nyuma kidogo. Picha ya mwanamke katika visiwa hivi ina historia yake, na si yote ya kufurahisha.

Sayyida Salme binti Said alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotoka Ujerumani 1886, kinasimulia sikukuu za nyumba ya baba yake, nguo mpya na vito na zawadi. Picha yake inayojulikana sana, aliyosimama na mavazi ya Kiomani, haikupigwa kwao. Ilipigwa Hamburg, baada ya kuondoka Unguja 1866. Kila nikiitazama namwona mtu aliyevaa kisikukuu mahali ambapo hakuna wa kumpa mkono wa Idi.

Huku nyumbani Wagoa walifungua studio mjini: A. C. Gomes, kisha ndugu wa Coutinho na wengine. Mwanzoni mwa karne ya 20 waliuza postikadi kwa wasafiri wa meli. Humo utamkuta mwanamke na kanga zake mbili, nywele kasukwa vizuri, na chini yake maandishi kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili. Jina lake halikuandikwa. La studio liliandikwa. Na kumbukeni, utumwa hapa ulifutwa kisheria 1897 tu. Wanawake waliokuwa hawana hiari hata ya kujifunika walinunua kanga kwa pesa zao, baadaye buibui. Nguo ya sikukuu kwao haikuwa pambo tu. Ilikuwa ni kusema, mimi ni mtu na nina kwetu. Basi inaniuma kwamba sura hizo zilisafiri hadi Ulaya kwa stempu, bila jina.

Mambo yaligeuka pale wenyewe walipoanza kwenda studio kwa hiari yao. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, Mji Mkongwe, mwaka 1930. Alipiga picha za jamaa wa Sultani, na za watu wa mjini pia. Mombasa alikuwepo N. V. Parekh kuanzia miaka ya 1940. Siku za Idi mashoga walivaa sare, wakasimama mbele ya pazia lililochorwa, mmoja kashika mkoba wa kuazima. (Mikoba ile ingeweza kusema!) Negativu ilibaki kwa mpiga picha, mwanamume asiye maharimu wao, na mara nyingi si Muislamu. Waliiacha kwake kama amana. Picha yenyewe haikutundikwa barazani wala sebuleni wanakokaa wageni wanaume. Iliwekwa kashani, chumba cha ndani, ikitolewa wakija wageni wa kike.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi zilitawanyika, nyingine Oman, nyingine Dubai, nyingine Uingereza. Hapo picha ndiyo ikawa inasafiri badala ya watu. Ilitiwa ndani ya barua, au akapewa msafiri anayeaminika, aifikishe mkononi.

Bibi yangu anayo moja. Yeye na dada yake, sikukuu pili, kanga za doti moja, wanajizuia kucheka. Dada mtu aliondoka kwenda Maskati, na picha ilirudi kwa bibi miaka baadaye kwa mkono wa msafiri. Nyuma kuna mstari mmoja wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: asioneshwe mtu ila mama.

Idi iliyopita tulikuwa na harusi kwetu. Ukumbi wa wanawake watupu, bibi harusi kafunguliwa nywele, tumefurahi. Kabla ya Isha picha yake ilikuwa kwenye stetasi ya mtu asiyemjua, na mume kaiona kwa rafiki yake. Hakuna aliyekusudia ubaya; shangazi mmoja alimrushia binti yake tu, ili naye afurahi aliko. Mdogo wake bibi harusi anaolewa baada ya Mfungo Tatu, naye ameshasema simu zitaachwa mlangoni kwenye kikapu, na mpiga picha mmoja tu, mwanamke, ndiye ataingia na kamera. Kuna walionuna. Mimi niko naye.

Nilitaka kuwawekea hapa ile picha ya bibi na dada yake. Nikamwomba niipige kwa simu. Akaigeuza, akaniwekea kidole kwenye ule mstari wa nyuma, halafu akairudisha kashani.