Mkonge wa Tanga: Kutoka Singa Hadi Umeme

Asili ya mkonge ni Mexico. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, Marekani. Mingi ilikufa safarini. Iliyosalia, isiyofika mia moja, ilipandwa karibu na Pangani, Tanga. Mmea huu huvumilia ukame kwa kuwa hufungua vitundu vya majani yake usiku, hivyo hupoteza maji kidogo.

Mashamba yalienea Tanga, Korogwe na Morogoro. Kituo cha utafiti cha Mlingano kilichanganya jamii mbalimbali za mkonge na kupata chotara 11648, unaotoa majani mengi zaidi kuliko mkonge wa kawaida. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha takriban tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge. Baadaye kamba za plastiki ziliteka soko. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, uzalishaji ukaendelea kushuka, na katika miaka ya 1990 yakabinafsishwa.

Muda wote huo mkonge ulilimwa kwa ajili ya sehemu ndogo tu ya jani. Korona, mashine ya kusindika majani, hutoa singa zisizozidi asilimia 5 ya uzito wa jani. Kinachobaki ni maji na nyama ya jani. Mabaki hayo yalitupwa, yakachafua mito na kuoza huku yakitoa methani, gesi inayoongeza joto duniani.

Hata hivyo, yalikuwa na thamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wanasayansi wa Uingereza walibaini kwamba mabaki ya mkonge yana hekojenini, kemikali inayoweza kugeuzwa kuwa dawa za jamii ya kotizoni, ambazo hupunguza uvimbe mwilini. Taka za shambani zikawa malighafi ya viwanda vya dawa.

Hatua iliyofuata ilikuwa nishati. Katika shamba la Hale, mkoani Tanga, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa bayogesi kwa msaada wa Serikali na mashirika ya kimataifa, likiwemo Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO). Mabaki yaliingizwa katika tangi lisilopitisha hewa, ambamo bakteria waliyavunja na kuzalisha methani. Gesi hiyo iliendesha jenereta, ya kwanza ikiwa na uwezo wa kilowati 150, na masalia ya tangini yalirutubisha mashamba. Kwa njia hiyo jani lilelile linaweza kutoa singa, umeme na mbolea, na mito ikabaki salama. Mkulima anayelipwa kwa singa pekee anastahili kunufaika pia na sehemu hiyo kubwa iliyotupwa kwa zaidi ya nusu karne.