Upepo Chini ya Amri: Tarikhi ya Ukaushaji kwa Hewa ya Moto

Tangu kale binadamu amekausha riziki yake kwa jua, na jua, pamoja na fadhila zake zote, halina mtu wa kuliamuru. Mkulima wa Pemba aliyeanika karafuu juu ya majamvi, naye ayaona mawingu ya vuli yakikusanyika, ajua fika kwamba mvua ikiziwahi zitageuka mpeta, na jasho la msimu mzima litakwenda kwa bei ya kutupa. Waliotaka kuepukana na dhiki hiyo walijaribu kukausha ndani ya nyumba kwa moto, na kwa rai yangu kilichowachelewesha si uchache wa moto, bali ni kutotambua mapema kwamba moto usio na upepo hupika, haukaushi.

Miongoni mwa wa kwanza kuutia moto adabu ni Cornelis Drebbel, mzaliwa wa Alkmaar katika Uholanzi mwaka 1572, ambaye alimhudumia Mfalme James I wa Uingereza na akabuni tanuri la kuangulia mayai lililojiangalia lenyewe: hararati ilipozidi, spiriti iliyofungiwa ndani ya chombo ilitanuka ikaisukuma zebaki, nayo zebaki ikainua kijiti kilichopunguza hewa iendayo motoni. Mwaka 1830 Andrew Ure, mwanakemia wa Uskoti, alijipatia hati ya haki ya uvumbuzi kwa kidhibiti joto cha mabamba mawili ya metali tofauti yaliyogandamana, ambayo hupinda yapatapo moto kwa kuwa moja hutanuka kuliko mwenziwe, siri ambayo John Harrison, fundi wa saa za baharini, alikwisha kuitumia katika karne iliyotangulia.

Hata hivyo aliyeunganisha sanaa ya moto na sanaa ya upepo, akastahiki kutajwa kwa heshima kuliko anavyotajwa, ni Samuel Cleland Davidson. Kijana huyu wa Ireland, aliyezaliwa mwaka 1846, alikwenda mwaka 1864 kwenye mashamba ya chai ya Cachar, kaskazini-mashariki ya Bara Hindi, akakuta majani yakikaushwa juu ya makaa, moshi ukiyaingia na mengine yakiungua ilhali ya kando yangali mabichi. Akabuni kikaushio ambamo moto ulikaa mbali na chai, na hewa safi iliyopashwa ikapanda ikipenya trei za majani. Akakiita Sirocco, jina la ule upepo wa joto utokao Sahara, na mwaka 1881 akafungua karakana mjini Belfast. Lakini hewa iliyoachwa ipande kwa hiari yake huenda polepole, na ikishashiba unyevu haina tena nafasi ya kupokea mwingine. Basi Davidson akashughulika na mapangaboi, na mwaka 1898 akatoa lile lililomjengea sifa, gurudumu pana lenye mabapa mengi mafupi yaliyopinda kuelekea upande linakozungukia, ambalo baadaye lilipeleka hewa migodini na melini. Alifariki mwaka 1921.

Leo fundi wa nyumbani hutengeneza kisanduku cha mbao chenye trei za wavu, kipasha joto chini, feni ndogo iliyotolewa katika kompyuta kuukuu, na kidhibiti joto kinachoiamuru feni iamke hararati ipitapo kiasi: yapata nyuzi 40 za Selsiasi kwa majani ya kunukia, na 55 hadi 60 kwa matunda. Kipimo hicho si anasa, kwani kipande cha embe kikipigwa na moto mkali hufanya ganda gumu nje, maji yakafungiwa ndani, na mwenyewe akakiweka akiba akidhani kimekauka. Lakini mpango huo una upungufu wake, nao ni kwamba saa za mwanzo, matunda yanapotoa maji mengi kuliko wakati wowote, kisanduku kingali baridi na feni imelala, hali ndipo upepo uhitajiwapo zaidi. Kwa sababu hiyo ni bora feni isizimwe kabisa, bali izunguke kwa utaratibu tangu trei ya kwanza iingiapo, na kidhibiti kipewe kazi ya kuiongezea kasi kadiri joto lipandavyo.